Kilimo wanasema kata imeshiba, zahanati wanasema watoto wamekonda: wakae meza moja?

KARANI WA KIKAO (mleta mada)
Wadau, habari zenu. Nina jambo limenikaa kooni tangu kikao cha maendeleo ya kata mwezi uliopita, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika muhtasari naweza kulisema bila kubahatisha. Afisa kilimo alisimama akasoma kwamba kata yetu ina ziada ya chakula msimu huu. Tukapiga makofi. Baada ya ajenda mbili akasimama muuguzi, akasoma idadi ya watoto ambao utepe wa kupimia mkono uliangukia njano na nyekundu, yaani wamekonda. Hatukupiga makofi, lakini pia hakuna aliyeuliza swali. Nikaandika yote mawili kwenye ukurasa mmoja, mwenyekiti akafunga kikao.

Usiku nikausoma tena ule ukurasa. Ziada ya chakula na watoto waliokonda, kata ileile, mwezi uleule. Na sioni aliyedanganya. Karatasi ya kilimo inapanda kwa watu wa kilimo, ya zahanati inapanda kwa watu wa afya, kila moja na ngazi yake. Najua upo MUCHALI, yaani Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe, ambao kazi yake ni kuwakutanisha kilimo, Taasisi ya Chakula na Lishe, takwimu, hali ya hewa, watu wa maafa, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa kama FAO, WFP na UNICEF. Sawa. Lakini wanakutana juu huko. Huku chini mimi ndiye meza yenyewe, na sina mamlaka ya kumuuliza mtu.

Swali langu: kwa Mtwara na Lindi, idara na mashirika yote yabanwe yatoe taarifa moja ya chakula na lishe kuanzia kata, ibandikwe kwenye ubao wa kijiji kila mtu aisome? Au kila mmoja aendelee na daftari lake?

NANGURUKURU KWETU
Mleta mada umesema kweli tupu. Kilimo wanahesabu magunia, afya wanahesabu mikono ya watoto, hakuna anayechungulia sufuria. Gunia likiwa ghalani kwa tajiri wa kijiji wanaliandika ni chakula cha kata, wakati jirani yake anapima unga kwa kikombe. Meza moja naiunga mkono, waanze hata kesho.

Ila tusidanganyane, ndugu zangu. Shida ya Kusini si taarifa. Pesa ya korosho inaingia Oktoba na Novemba, ikifika Januari imeishia kwenye ngoma na unyago. Hata mkikalisha idara kumi pamoja, watatuandikia jambo ambalo tunalijua wenyewe.

BI SOMO
Meza ya mleta mada naiacha kwanza. Nakujibu wewe Nangurukuru.

Mimi ni somo. Nimefunda mabinti miaka mingi, na wanangu watatu wamesoma kwa korosho hizohizo. Siku ya kuwatoa wanawali tunapika pilau, wanakula watoto wa kijiji kizima, na wamo ambao kwao jiko halikuwashwa siku hiyo. Kwenye hesabu yako huo ni upotevu?

Nikuambie pesa inakokwenda, maana daftari ninalo. Deni la duka. Ada na sare. Palizi na vibarua wa kupulizia. Mabati, kwa sababu makuti yakivuja Februari hata hicho chakula ulichoweka kinaoza. Msimu wa 2018 bei ilitangazwa shilingi 3,300 kwa kilo tukapiga vigelegele, na wengi wetu tulisubiri fedha hadi mwaka uliofuata. Niambie mwaka ule nani alicheza ngoma. Tulikopa unga. Na anayekukopesha unga Januari ndiye yuleyule wa kangomba, anayenunua korosho kwa bei ya chini kabla hazijavunwa, msimu ukifika korosho ziko juu ya mti lakini si zako tena. Pesa inaliwa huko kabla hujaishika. Wewe umeona ngoma kwa sababu ngoma ina sauti.

NANGURUKURU KWETU
Bi Somo, shikamoo. Sikukulenga wewe. Nimesema nilichokiona nyumbani. Baba yangu mdogo aliuza korosho vizuri, akawacheza mabinti wawili siku tatu, muziki amekodi mjini, mbuzi wamechinjwa. Februari mama mdogo alikuja kwetu na beseni kuomba mahindi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi ndiye niliyetumwa kumpimia. Alikuwa haniangalii usoni. Usiniambie sijui ninachosema.

BI SOMO
Marahaba. Pole, baba, na umpe pole mama yako mdogo kama bado yupo. Lakini hapo wa kulaumiwa ni mtu mmoja, mzee wako. Angezimalizia kwenye pikipiki ungeandika hapa kwamba pikipiki zimeleta njaa Kusini?

UTEPE MWEKUNDU
Naomba niingilie. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, huo utepe ninaushika mimi.

Kwanza naona wengi mnachanganya, ngoja niweke sawa. Utepe hauonyeshi udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, unaonyesha ukondefu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano, kuendelea ni kijani. Ukondefu unaweza kuingia ndani ya wiki chache, mtoto akiharisha tu. Udumavu unataka ubao wa urefu na umri wa kweli wa mtoto, na unajengeka tangu tumboni hadi miaka miwili. Kwa hiyo ghala linaweza kujaa mwezi huu na mtoto akakonda mwezi huuhuu, na wote wawili, afisa kilimo na muuguzi, wakawa sahihi.

Pili, hiyo ngoma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu asilimia 30 kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Mkoa ulioongoza ni Iringa, karibu asilimia 57. Wakafuata Njombe na Rukwa, karibu nusu ya watoto. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Hawana korosho, hawana Oktoba ya kwetu. Sasa ni ngoma ipi iliyowadumaza?

Ninachokiona mimi ni mama anayetoka alfajiri kupalilia, anarudi saa nane mchana, na mtoto wa miezi saba amebaki na dada yake wa miaka sita na uji mweupe wa muhogo. Hakuna kunde, hakuna dagaa, hakuna yai. Hilo haliko kwenye karatasi ya kilimo, na haliko kwenye yangu pia. Fomu yangu haina mahali pa kuandika mama ametoka saa ngapi na kurudi saa ngapi.

KITI CHA NYUMA
Kila tukigusa Mtwara na Lindi lazima aletwe mtu wa Nyanda za Juu tulinganishwe naye. Wale walipata shule za misheni na barabara mapema, sisi tulisahaulika. Tuzungumze ya kwetu.

PILIPILI YA KUSAGA
Kiti cha Nyuma, misheni ilifika Masasi mwaka 1876 na Ndanda mwaka 1906. Barabara nakupa, misheni hapana. Na dada wa utepe amekupa hoja nzito, wewe umejibu jina la mkoa.

TEMBO WAMETUMALIZA
Mimi niko upande wa Liwale. Naomba mnijibu moja tu. Afisa kilimo anapita Machi, anaona mahindi yamebeba, anaandika. Aprili tembo wanaingia usiku mmoja, asubuhi tunaokota mabua. Nani anarudi kufuta ile namba? Watu wa wanyamapori wana daftari lao la matukio, kilimo wana lao. Kwenye meza yenu mmemwekea kiti mtu wa wanyamapori?

MSTAAFU UGANI
Nimesoma kimya tangu juzi, sasa niseme. Nimefanya kazi ya ugani zaidi ya miaka ishirini, wilaya tatu za Kusini, na naona kilimo tunazungumzwa kama watu waliokaa kivulini wakabuni magunia.

Tathmini inafanyika hivi. Unapita mashamba, unakadiria eneo, unachagua vipande vichache unavuna na kupima, unazidisha. Halafu unachukua idadi ya watu na mahitaji yao ya mwaka, unatoa. Kinachobaki ndiyo ziada, kinachopungua ndio upungufu. Kwa mahindi na mpunga inakwenda. Kwa muhogo, ambao ndio chakula cha watu wengi huku, ni kazi ngumu sana. Muhogo hauvunwi siku moja. Mtu anang'oa mashina matatu leo, mengine mwezi ujao, mengine anayaacha ardhini hadi mwakani kama benki yake. Karatasi inataka tani, nami lazima niijaze. Na ukija ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndiyo mtihani kabisa, kwa sababu juu majani yanapendeza na chini mizizi imekufa. Nimewahi kuliandika shamba zuri kuwa ni chakula, mwenye shamba alipochimba mbele yangu tukakuta mizizi yote imekauka madoa ya kahawia ndani, haipikiki. Namba yangu ilikuwa imeshapanda. Yule mama hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mnisikie vizuri, sipingi meza moja. Kule Somalia mwaka 2004 ndiko ulikoanzia huu mfumo wa IPC wa kupanga ngazi za njaa, na sababu ni hiihii: kila shirika lilikuwa na neno lake la njaa. Sasa kuna ngazi tano, ya kwanza hali ya kawaida, ya tano baa la njaa, na wachambuzi wa idara mbalimbali wanakaa na ushahidi wao wote mezani hadi wakubaliane ngazi. Tangu mwaka 2017 mashirika makubwa yanatoa kwa pamoja ripoti moja ya dunia ya migogoro ya chakula kila mwaka. Inawezekana.

Kinachonisumbua ni maswali yenyewe. Kwenye madodoso mengi unamuuliza mwenye kaya alifanya nini chakula kilipopungua: alikopa, alipunguza milo, aliuza mifugo, alikula vyakula vya porini. Huku kwetu mama akisema wiki hii tumekula ming'oko, ile mizizi inayochimbwa porini, kijana aliyetoka mjini na kishikwambi anaweka alama kwenye njaa.

PILIPILI YA KUSAGA
Nimefika kwenye ming'oko nikasimama. Ming'oko ni NJAA? Mstaafu, najua hujasema wewe, umesimulia, lakini aliyeandika hilo swali hajawahi kushuka kwenye basi Mtwara. Ming'oko inachemshwa, inapangwa kwenye sinia, unapewa na chumvi na pilipili ya kusaga, unalipa pesa yako. Mama yangu ametulea watoto watano kwa sinia la ming'oko. Walionunua walikuwa madereva, walimu, askari, watu wa mishahara. Ndugu zetu walioko Dar wanaagiza kwenye basi. Nani anaagiza njaa kwa basi?

NANGURUKURU KWETU
Hapo nakubaliana nawe mia kwa mia. Hata kwetu Kilwa tunaijua.

KITI CHA NYUMA
Mimi nasema tofauti kidogo. Anayeinunua stendi hana njaa. Anayeamka saa kumi usiku kwenda kuichimba porini je? Ukiona kijiji kizima kimeingia porini na majembe, wale hawaendi kutafuta kitafunwa.

PILIPILI YA KUSAGA
Wanatafuta pesa! Kama anayekwenda kuvua. Mvuvi akienda baharini mnaandika vyakula vya baharini, mnamheshimu. Mama yangu akiingia porini mnamwandika mhanga. Kwa nini?

BI SOMO
Pilipili, mwanangu, tulia. Umesema vizuri kuhusu mama yako na Mungu amlipe. Lakini Kiti cha Nyuma naye ana neno. Nimechimba ming'oko mwaka wa raha na nimechimba mwaka wa shida, ni ileile, tofauti iko kwenye kinachobaki nyumbani ulipoondoka. Mwaka wa raha unaondoka umeacha unga. Lakini huwezi kulijua hilo kwa kuuliza tumekula nini.

BABU LIWALE
Wajukuu, mnazungumza ming'oko kama vile hiyo ndiyo habari ya njaa. Njaa si ming'oko. Ming'oko ni tamu. Njaa ni ile mizizi mingine ambayo lazima uikate vipande, uiloweke siku kadhaa, ubadilishe maji, ndipo sumu itoke, na ukikosea siku moja unazika mtoto. Mkiona watu wanaloweka mizizi ile ndipo mwandike njaa. Wazee wetu walikuwa wanahesabu hivyo, kwa kuangalia kilicho kwenye mtungi.

Bibi yangu alitusimulia baada ya Majimaji, Wajerumani walipochoma maghala na mashamba huku kwetu, watu waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na bunduki. Mimi mwenyewe nakumbuka ukame wa 1973 na 1974, ulipokuja unga wa njano kutoka nje tukauita wa Yanga. Watu waliukataa kwanza wakisema ni chakula cha kuku, halafu wakaupigania.

Na mnaposema idara zisizouliza, msisahau karanga za Nachingwea. Mwingereza alikuja baada ya vita vya pili, mwaka 1947, na mashine zake, akajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili ya karanga ambazo hajazilima bado. Mwaka 1951 akafunga, akapoteza zaidi ya pauni milioni 35. Hakupima mvua vya kutosha, hakuupima udongo, na waliokuwa wanaishi juu ya ule udongo hakuwauliza.

SOKO KUU
Babu, shikamoo. Hapo kwenye kuuliza ndipo penye ugonjwa wangu. Nauza nafaka na vitunguu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, mimi nilijua siku hiyohiyo, kwa sababu gari langu lilikuwa nyuma ya daraja. Kesho yake bei ya vitunguu ikaruka, siku ya tatu mchele. Magari mengine yakazungukia Songea na Tunduru, nauli ya gunia ikawa ya kulia. Niliandika kila siku kwenye daftari langu nimenunua ngapi, nimeuza ngapi, akina mama walionunua kilo sasa wananunua robo. Robo, wadau! Ukitaka kujua nyumba za mtaani zinakula nini, njoo unione napima robo. Hakuna idara hata moja iliyokuja kuniuliza. Miezi baadaye nikasikia redioni hali ya chakula mkoani ni ya kuridhisha. Hata mwaka huo ilikuwa kweli, chakula kilikuwapo. Pesa ya kukinunua ndiyo haikuwapo.

UTEPE MWEKUNDU
Soko Kuu, naomba nikuulize, hizo wiki za robo zilikuwa lini hasa? Kwa sababu Juni ile nilikuwa na njano nyingi kuliko kawaida, na niliambiwa ni malaria.

SOKO KUU
Wiki mbili za mwanzo baada ya daraja ndizo zilikuwa mbaya. Nikifika dukani kesho nitakufungulia daftari.

KITI CHA NYUMA
Hebu turudi kwa mleta mada maana anasahaulika. Mimi meza moja naiogopa, na nina sababu. Ikishakuwa taarifa moja, inakuwa na mwenyewe. Mkuu gani wa wilaya atapenda wilaya yake iandikwe ngazi ya tatu, hali ya hatari, wakati jirani yake ni ya kwanza? Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilibanwa, ikawa kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, ikabidi mwaka 2019 ilegezwe. Leo kilimo wakikosea tunaona kupitia zahanati, zahanati wakikosea tunaona kupitia sokoni. Mkiwaunganisha wakakosea pamoja, nani atawaona? Huyu karani ameugundua mgongano kwa sababu karatasi zilikuwa mbili.

Na msiseme mashirika ya nje yatatusahihisha. FEWS NET ya Wamarekani, iliyoanza kutoa tahadhari za njaa mwaka 1985, Januari 2025 ilizimika siku chache tu baada ya Marekani kusimamisha misaada. Watu waliokuwa wanaitegemea wakaamka tovuti haipo.

MSTAAFU UGANI
Kiti cha Nyuma, hilo la mwisho ndilo linalonifanya nitake kijiji kiwe na chake. Na hapa namrudia dada wa utepe kuhusu Iringa. Mnajua Iringa hiyohiyo mwaka 1983 walianza mpango wa lishe wakisaidiwa na WHO na UNICEF, vijiji 168? Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito palepale kijijini, na majibu yalisomwa palepale mbele ya wazazi na serikali ya kijiji, wakaulizana kwa nini wa nyumba ile amepungua, tufanye nini kabla ya robo ijayo. Utapiamlo mkali ulishuka sana miaka ile. Namba hazikusubiri kwenda juu na kurudi. Aliyepima, aliyepimwa na mwenye uamuzi walikuwa chini ya mti mmoja.

KITI CHA NYUMA
Na leo Iringa ndiyo inaongoza kwa udumavu, kwa maneno yenu wenyewe. Umejipiga goli.

MSTAAFU UGANI
Sijajipiga. Waliokuwa wanakutana chini ya mti waliacha kukutana. Fedha za mradi zilipokwisha, mizani ikabaki na mkutano ukafa. Ukinyang'anywa jembe usilaumu shamba.

UTEPE MWEKUNDU
Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ipo hadi leo kwenye mwongozo, kila robo mwaka. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe na Rais mwaka 2022. Niwaulize kina mama humu, ni wangapi mliwahi kuitwa siku hiyo mkasomewa majibu? Si kupimiwa mtoto na kuondoka. Kusomewa.

BI SOMO
Kupimiwa nimeitwa. Kusomewa, hapana.

TEMBO WAMETUMALIZA
Mimi swali langu la kiti cha mtu wa wanyamapori halijajibiwa.

NANGURUKURU KWETU
Mimi hata kuitwa sikuwahi, wanaitwa wanawake. Na ndiyo maana yule baba yangu mdogo hakujua mtoto wake ana njano hadi alipoambiwa na mama yangu. Sasa Bi Somo usinirukie: kama hesabu ile ingesomwa Desemba, mbele ya wanaume walioshika pesa ya korosho mkononi, ile ngoma ya siku tatu ingekuwa ya siku moja. Hapo ndipo naona taarifa ingesaidia, pamoja na kwamba mwanzo nilisema si tatizo. Nimebadili hilo. La ngoma sijabadili.

BI SOMO
Na mimi sijakurukia. Desemba umesema vizuri. Sisi tunapowafunda mabinti tunawaambia mambo ya mwili na ya nyumba, hata kumlisha mwanamwali aliyejifungua tunafundisha. Utepe huo nikiletewa kwenye unyago nitawaonyesha. Hajawahi kuja mtu wa afya kuniomba nafasi, wanakuja kutukemea tu.

PILIPILI YA KUSAGA
Mimi kwenye hiyo taarifa ya pamoja nina sharti moja. Ming'oko itolewe kwenye orodha ya njaa.

BABU LIWALE
Isitolewe. Iulizwe vizuri.

PILIPILI YA KUSAGA
Iulizweje, babu?

BABU LIWALE
Muulize mama: umechimba ya kuuza au ya kula? Akisema ya kula, muulize, nyumbani umeacha nini? Maswali mawili. Hata mimi sijui kusoma sana lakini haya nayaweza.

KARANI WA KIKAO (mleta mada)
Nimewasoma wote. Nilikuja na meza, mkanipeleka unyagoni, porini, Nachingwea na Iringa, na nimeandika kurasa nne za daftari.

Kiti cha Nyuma amenitikisa kuliko wote. Niliomba taarifa moja, naona sasa nilichokuwa nataka si namba moja. Nataka karatasi zote zisomwe siku moja, sehemu moja, kila moja na jina la aliyeileta, na zikipingana muhtasari uandike kwamba zinapingana na nani ametumwa kwenda kuangalia. Kiti cha mtu wa wanyamapori nitakipigania, Tembo, hata kama kwetu tembo hawafiki sana.

Kikao kijacho ni mwezi ujao. Nitaomba ajenda ya kilimo na ya afya zifuatane, na mtu wa sokoni aalikwe na daftari lake. Nikikataliwa nitarudi hapa kuwaambia nimekataliwa kwa maneno gani.

SOKO KUU
Mimi kwenye kikao cha kwetu niko tayari, nikialikwa. Nauli yangu mwenyewe.

KITI CHA NYUMA
Andika pia nani hakuja.

NANGURUKURU KWETU
Na muweke siku ya jioni, wanaume wawepo.

BI SOMO
Jioni akina mama tunapika. Wekeni asubuhi ya Ijumaa kabla ya msikiti, wanaume wote wanakuwa wameoga na hawana pa kwenda.

NANGURUKURU KWETU
Ijumaa sawa. Hiyo nimekupa, mama.